Tulipigia kura siku za kuumwa zenye malipo Missouri, wabunge wakazifuta. Sasa kuna watu wanataka saini zetu tena, nisaini?

MamaZawadi_KC

Habari zenu ndugu zangu, poleni na baridi. Naombeni mnieleweshe hili jambo maana limenikaa moyoni toka Agosti na mume wangu kashachoka kunisikiliza.

Mimi niko Kansas City upande wa Missouri, nafua mashuka na nguo kwenye nyumba ya kutunzia wazee, mwaka wa sita huu. Novemba 2024 ndo mara yangu ya kwanza kupiga kura Marekani, nilikuwa nimeapa uraia mwaka huo huo. Kwenye karatasi ya kura mbali na rais na gavana kulikuwa na kitu kinaitwa Proposition A, yani wanatuuliza sisi wenyewe, sio mbunge sio gavana, mnataka kima cha chini kipande mpaka dola 13.75 kwa saa Januari 2025 halafu dola 15 Januari 2026, na kila mtu apate saa moja ya kuumwa yenye malipo kwa kila saa 30 anazofanya kazi? Nikajaza ndiyo mkono unatetemeka. Kwetu hakuna mtu amewahi kuniuliza mshahara wangu uwe ngapi. Na tukashinda, zaidi ya asilimia 57.

Mei 1, 2025 saa zikaanza kuhesabika. Kufika mwisho wa Agosti nilikuwa na saa 22 na kitu, nikatumia nane mwanangu alipopata homa, nikakaa nae nyumbani siku nzima na hela ikaingia kwenye cheki kama kawaida, toka nianze kazi nchi hii sijawahi kuona hicho kitu. Kumbe wabunge wa jimbo walishapitisha sheria ya kuifuta, gavana akasaini Julai, Agosti 28 ikafa. Zile saa zangu zilizobaki kazini wakaniambia hazipo tena. Mwezi wa kumi na mbili nikapata mafua yale mabaya, nikaenda kazini na homa nikawa nashika mashuka ya watu wa miaka 90, kwa sababu nikikosa siku mbili kodi haitimii. Nililia kwenye chumba cha mashine mpaka zikaisha kuzunguka.

Sasa wiki iliyopita mlangoni pa supamaketi kuna kijana ana ubao na karatasi anaomba saini za kupeleka jambo jingine kwenye kura. Nikampita tu. Ndo nauliza, kama wabunge wanaweza kufuta kitu tulichokipitisha sisi kwa kura, hizi kura za maoni zina kazi gani? Nisaini nini na kwa nini?

FundiBomba_STL

Pole sana dada yangu. Pole kweli. Mimi mtu wa Mombasa ila niko St. Louis tangu 2001, niko kwenye chama cha wafanyakazi cha mafundi, na hizi saini nimezikusanya kwa mkono wangu, so ngoja nikueleze taratibu.

Kitu ambacho watu wengi hawaambiwi pale mlangoni ni hiki: kuna kupitisha sheria ya kawaida na kuna kubadilisha katiba ya jimbo. Vyote vinaletwa kwa saini, vyote vinakuja kwenye karatasi ya kura, ukiangalia haraka huwezi kujua tofauti. Lakini hapa Missouri sheria ya kawaida mkishaipitisha inakaa pamoja na sheria nyingine zote, na wabunge wanaweza kuifuta kwa wingi wa kawaida kama wanavyofuta sheria yoyote, hata kesho yake. Katiba hawawezi kuigusa mpaka warudi kwenu kuomba kura. Prop A ilikuwa sheria ya kawaida. Hapo ndipo waliingilia.

Utauliza basi kwa nini wenyewe hawakuiandika kwenye katiba. Ni saini dada. Ya sheria unahitaji asilimia 5 ya kura za gavana zilizopita, ya katiba asilimia 8, na zote mbili uzipate katika kanda 6 kati ya zile 8 za ubunge wa Washington, kwa hiyo sio kukaa St. Louis na Kansas City tu, lazima uende vijijini huko ukasimame sokoni. Hiyo ni pesa na ni miguu. Wakachagua njia fupi, na mimi siwalaumu sana lakini ndo tumeona.

Sasa linganisha na Medicaid. Agosti 2020 tulipiga kura watu wazima wa kipato cha chini waingizwe Medicaid, ile bima ya afya ya serikali, tukapata kama asilimia 53 tu, chini kuliko Prop A yako. Ile iliandikwa ndani ya katiba. 2021 wabunge wakakataa kutoa bajeti, gavana akarudi nyuma, wakasema haiwezekani. Watu wakaenda mahakamani na Julai 2021 Mahakama Kuu ya jimbo majaji wote kwa sauti moja wakasema hii ni katiba, waandikisheni watu. Oktoba watu wakaanza kuingia na mpaka leo wamo. Jirani yangu mama wa Burundi alikuwa anagawa dawa za presha nusu nusu ili zifike mwisho wa mwezi, sasa anameza kidonge kizima. Kura kidogo kuliko zenu, na imebaki.

Na kuna ya tatu, ya kukataa. 2017 wabunge walipitisha sheria ya kuvunja nguvu vyama vyetu, kwamba mtu anafaidi mkataba wa chama bila kulipa hata senti. Sheria ilikuwa imeshasainiwa! Tukakusanya saini zaidi ya laki tatu ilhali zilizohitajika ni kama laki moja, sheria ikasimama isianze kazi, na Agosti 2018 wananchi wakaitupa kwa asilimia 67. Nilisimama nje ya viwanja na masoko wiki nyingi jua linaniwakia na sijutii hata dakika moja.

Kwa hiyo ukirudi pale kwa yule kijana muulize swali moja, hii ni katiba au ni sheria? Na mwambie akuonyeshe maandishi kamili, sio ile mistari miwili ya juu. Anatakiwa awe nayo.

Alafu jua na hili. Mwaka 2025 wabunge wamepitisha pendekezo kwamba mabadiliko ya katiba yanayoletwa na wananchi lazima yashinde kwenye kanda zote nane, yani kanda moja ikikataa saba zikakubali mmeshindwa. Hilo lenyewe nalo lazima lije kwetu kwenye kura. Likija usiliache.

Mlalahoi_Omaha

Mkuu fundi umemaliza, ila ngoja niongeze ya Nebraska maana huku tumeonja tamu na chungu.

Tamu: wale mnaojua mikopo ya kausha damu kule Bongo, basi huku ilikuwepo na maduka yake kabisa yana taa mpaka usiku, unakopa dola mia tatu ya wiki mbili ukijumlisha riba kwa mwaka ilikuwa inafika asilimia 400. Wabunge miaka na miaka hawagusi. Novemba 2020 wananchi wakaleta Initiative 428, riba isizidi asilimia 36 kwa mwaka, ikapita kwa asilimia 83. Themanini na tatu wakuu, kwenye jimbo la Republican, wakulima, watu wa mjini, wazungu kwa weusi, kila mtu ana shemeji aliyewahi kukamuliwa na yale maduka. Colorado walishafanya 2018, South Dakota 2016. South Dakota wakopeshaji wao walileta pendekezo lao kwenye kura ile ile, limeandikwa riba mwisho asilimia 18 ILA kama mkopaji akisaini kukubali zaidi. Ukisoma haraka unaona 18 ni nzuri kuliko 36! Watu wakastuka, wakalikataa. Ndo maana mama Zawadi nakwambia soma mpaka ile sentensi ya mwisho.

Chungu: 2024 tulipitisha siku za kuumwa kama nyie, robo tatu ya watu walisema ndiyo. Huku bunge likitaka kugusa sheria ya wananchi linahitaji theluthi mbili, tukadhani hapo tumepona, wapi, 2025 walizipata hizo kura wakawatoa wafanyakazi wa biashara zenye watu kumi kushuka chini. Sasa wenzetu wangapi wako kwenye vigenge vya watu sita saba, saluni, karakana, jikoni? Ndo hao waliotolewa, na ndo hao hasa waliokuwa hawana kitu.

Sonora_Tucson

Jimbo letu la Arizona tulishaumwa na nyoka zamani. 1998 wananchi wakapitisha kwamba kitu kilichopitishwa na kura ya wananchi bunge haliwezi kukifuta kabisa, na kukibadilisha lazima robo tatu za kila upande wa bunge na mabadiliko yaendeleze lengo lile lile, sio kulipinda. Siku za kuumwa tulizipitisha 2016 pamoja na kima cha chini na hadi leo nazitumia. 2022 tukapitisha riba ya deni la hospitali isizidi asilimia 3, zaidi ya asilimia 70 walikubali. Nadhani Missouri mngeanza na kufuli kwanza kisha ndo mnunue vitu vya ndani.

MamaZawadi_KC

Jamani asanteni, fundi nimesoma ujumbe wako mara tatu, nimemsomea na mume wangu. Kumbe kosa lilikuwa pale pale mwanzo kwenye kuandika, na mimi nilikuwa nadhani kura yetu ilikuwa ndogo.

Sasa mume wangu yeye ana grini kadi, bado uraia. Anasema na yeye anaenda kusaini maana anafanya kazi na analipa kodi kama mtu yeyote. Ni sawa?

Wakili_Mdogo

Mama Zawadi HAPANA, mwambie leo hii, asisaini. Petisheni inasainiwa na mpiga kura aliyeandikishwa, na kuandikishwa ni kwa raia tu. Wakusanya saini wengine hawaulizi, wanakupa kalamu tu, na wengine wanakwambia jaza na hii fomu ya kujiandikisha hapo hapo. Siku ya kuomba uraia kwenye fomu ya N-400 kuna swali umewahi kujiandikisha kupiga kura au kupiga kura, na watu wameharibikiwa maisha kwa hilo, wengine bila kujua hata walichosaini. Mimi nafanya kazi za kusaidia kujaza fomu za uhamiaji na hakuna kitu kinaniuma kama kumuona baba wa watoto wanne amekaa mbele yangu kwa ajili ya karatasi ya sokoni.

Anachoweza kufanya ni kingi: kueleza watu kwa Kiswahili, kupeleka wazee kwenye gari siku ya kura, kusimulia kazini kwake. Mdomo hauna grini kadi.

Mtaa_wa_Pili_LA

Mimi naomba nitofautiane kidogo, msinielewe vibaya. Mnaongea kama kura ya maoni ni ya maskini. Njooni California muone.

1994 huku waliweka kwenye kura Prop 187, kuwanyima wahamiaji wasio na karatasi shule na matibabu ya serikali, na ILIPITA, asilimia 59. Wananchi wenyewe. Mahakama ndo ziliokoa. 2020 bunge letu lilikuwa limeshatunga sheria ya kuwafanya madereva wa programu wahesabiwe kama wafanyakazi, kampuni za Uber, Lyft, DoorDash na wenzao wakaingiza zaidi ya dola milioni 200 kwenye Prop 22 ya kujitoa kwenye sheria hiyo, tangazo kila dakika, na ikapita kwa zaidi ya asilimia 58. Na wao kufuli waliliwaza vizuri kuliko nyie, waliandika kwamba bunge likitaka kubadilisha lazima lipate saba ya nane. Saba ya nane! 2024 Mahakama Kuu ya California ikasema iko sawa. Kwa hiyo lile kufuli analosifia mtu wa Tucson ni kufuli tu, inategemea nani yuko ndani.

Mimi nasema nguvu ni chama na mgomo. Karatasi ya kura ananunua mwenye hela.

FundiBomba_STL

Ndugu wa LA sikukatalii, hayo yote ni kweli na 187 mimi bado inaniuma ingawa sikuwepo. Lakini usitenganishe chama na kura. Ile 2018 yetu ilishinda kwa sababu chama kilikuwa na watu wa kutembea, plus tulikuwa na miezi ya kugonga milango. Matangazo yalikuwepo ya pande zote. Mtu wa kijijini aliyempigia Republican miaka yote alinifungulia mlango akaniambia baba yangu alikuwa chama cha wachimba madini ya risasi, leta nisaini. Huyo mtu ukimletea mgombea wa chama kingine hakusikilizi, ila ukimuuliza swali moja tu la mshahara anakujibu kwa moyo wake. Hiyo ndo kitu mimi siwezi kuiacha. Novemba 2024, kwenye karatasi ile ile ya kura, Missouri inayochagua Trump ilipitisha dola 15. Hakuna mgombea angeweza.

Kuhusu hela uko sahihi kabisa na sina dawa yake.

Louisville_Boy

Mshukuru mna hata hiyo. Kentucky sisi raia hatuwezi kupeleka kitu kwenye kura ya jimbo, mpaka wabunge watake wao. Texas hivyo hivyo, North Carolina, Indiana, huko kote waswahili wamejaa. Tulichoweza 2024 ni kukataa tu walipoleta pendekezo la kuruhusu pesa za umma kwenda shule za binafsi, likakataliwa kaunti zote 120. Kukataa tunaweza, kuomba hatuwezi.

Wanjala_Nai

Nimepita tu kutoka Nairobi lakini hii stori inanigusa. Huku katiba yetu ya 2010 kifungu cha 257 kinasema raia wakipata saini milioni moja za wapiga kura wanaweza kuanzisha mabadiliko ya katiba, halafu inaenda mabunge ya kaunti, angalau 24 zikubali. 2019 ilikuja Punguza Mizigo, ya kupunguza idadi ya wabunge na gharama zao, saini zikatosha, kufika kaunti MCA, yaani wabunge wa kaunti, wakaiua, kwa sababu ni nani atapiga kura kupunguza sahani yake. Alafu ikaja BBI, mpango mwingine wa kubadilisha katiba, hiyo saini zikapatikana na kaunti nyingi zikapitisha mbio mbio, lakini ilikuwa inasukumwa na rais mwenyewe, na Machi 31, 2022 Mahakama ya Juu ikasema rais hawezi kutumia mlango wa wananchi.

Kwa hivyo sisi tuna kufuli ya katiba na saini milioni, bado hakuna mama wa kufua ameongezewa hata shilingi kwa njia hiyo. Ninyi mmeguswa mfukoni kabisa, dada saa zako nane na mtoto ulizipata. Mimi ningekuwa hapo ningesaini, baada ya kusoma kama walivyosema.

Mtoto_wa_Bukavu

Jambo ndugu zangu. Niko Portland, Maine, batu bengi ba Kongo tuko huku. Nataka tu kumwambia mama asichoke. 2017 Maine ilikuwa jimbo la kwanza kupanua Medicaid kwa kura ya raia, asilimia 59. Gavana wa wakati ule LePage akakataa kuitekeleza, mahakama zinamwambia fanya, yeye anasema bora niende jela. Watu wakangoja zaidi ya mwaka na kura yao mkononi. Akaja gavana mwingine, Janet Mills, Januari 2019 siku yake ya kwanza kazini akaagiza ianze. Mama yangu aliingia mwaka ule, alipasuliwa jicho, sasa anasoma Biblia yake mwenyewe. Sisi tulikuwa tumeshakata tamaa kabisa. Aksanti.

MamaZawadi_KC

Ndugu wa Bukavu, hilo la jicho la mama limenifariji kuliko yote, Mungu amtunze.

Mrejesho. Jumamosi nimerudi pale supamaketi. Kijana yupo. Nikamuuliza katiba au sheria, akanitazama kama amestuka, akatoa karatasi za nyuma, nikasimama pembeni na mkokoteni wangu nikasoma zote na simu mkononi inanitafsiria, kama dakika ishirini hivi, maziwa yanapata moto. Nilichokielewa nikakikubali nikasaini. Cha pili alichokuwa nacho sikukielewa, nikamwambia nitarudi.

Mume wangu hakusaini, Wakili Mdogo ubarikiwe, alikuwa ameshika funguo za gari anatoka.

Alafu jana baada ya ibada niliwauliza kina mama wa kwaya nani ni raia. Kumi na moja. Nani kajiandikisha kupiga kura, wanne. Prop A hakuna hata mmoja wao aliyejua kama iliwahi kuwepo, na watatu wanafanya kazi kama yangu. Jumapili ijayo tunabaki saa moja baada ya ibada, hao saba wanakuja na vitambulisho vyao. Fundi, ukiwa na zile karatasi za kanda nane nitumie pm niwasomee.